Joto Halifichiki: Kamera Zinazoona Gizani na Mchungaji wa Kulamawe

Anayesafiri kwa gari kutoka Lamu hadi Isiolo kwa njia ya Garissa na Modogashe hupita Kulamawe kabla ya kuingia Isiolo mjini. Ni kituo cha wafugaji, wengi wao Waborana, ndugu wa lugha na Waorma tunaokaa nao huku Tana River. Jina lenyewe halihitaji mkalimani: mahali pa kula mawe. Mchana kutwa mawe hayo huchomwa na jua, na usiku ukiingia hubaki na joto kwa muda mrefu. Joto hilo la mawe ndilo litakalotusaidia kuelewa jambo linalozungumzwa sana siku hizi bila kufafanuliwa.

Jambo lenyewe ni kamera za joto, zile zinazofungwa kwenye droni, helikopta, magari ya doria na minara, zikamwona mtu katika giza totoro kama mshumaa uliowashwa. Vijiweni kila mtu ana dawa yake. Huyu atakwambia jifunike karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula. Yule atakwambia jipake tope. Mwingine ataapa kwamba turubai zito linatosha. Tuyapime madai haya moja baada ya jingine, maana ukweli wake unamgusa mchungaji wa Kulamawe na mvuvi wa Lamu sawasawa, nao wote wawili hutembea usiku kwa sababu za halali kabisa.

Kamera za usiku si za aina moja

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni kamera ya ulinzi kama zile za madukani na kwenye mageti. Usiku huwa na taa ndogondogo zinazotoa wekundu hafifu. Taa hizo hutoa miale ya infraredi iliyo karibu sana na mwanga wa kawaida, lakini jicho letu haliioni vizuri. Kamera humulika, kisha huona kile kinachorudi. Ukitaka kuhakikisha, chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu, mara nyingi ile ya mbele, halafu bonyeza. Kwenye skrini utaona kitaa kinawaka ambacho kwa macho matupu hukioni. Kamera ya namna hii ni kama mtu mwenye tochi: pasipofika mwanga wake, haoni.

Cha pili ni darubini za usiku za kijeshi, zinazokusanya mwanga mdogo wa nyota na mbalamwezi na kuuongeza nguvu. Usiku wa wingu zito, au ndani ya pango, nazo hupungukiwa.

Cha tatu ndicho tunachokizungumzia, kamera ya joto. Hii haimuliki mtu wala haihitaji nyota. Inapokea kile ambacho mwili wako wenyewe unakitoa.

Mwili wa mtu ni taa

Mwaka 1800, mwanasayansi William Herschel huko Uingereza alipitisha mwanga wa jua kwenye kipande cha kioo ili rangi zake zitawanyike, kisha akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo macho hayakuona chochote, ndicho kilichopanda zaidi. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba iko miale isiyoonekana. Jina infraredi maana yake ni iliyo chini ya nyekundu.

Kila kitu chenye joto hutoa miale, na kiasi chake hutegemea ukali wa joto hilo. Jua lina joto kali, kwa hiyo miale yake huwa na nguvu zaidi katika mwanga tunaouona. Ngozi ya mtu ina nyuzi 32 hadi 34 hivi, na miale yake huwa na nguvu zaidi karibu na mikroni 9 au 10, mbali sana na mwanga wa macho unaokomea mikroni 0.7. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Bahati nzuri au mbaya, hewa hupitisha vizuri miale ya kati ya mikroni 8 na 14, na ndipo kamera nyingi za joto zinapofanyia kazi.

Mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, kama balbu moja ya zamani. Akitembea au kukimbia, linaongezeka. Huwezi kuizima balbu hiyo na ukabaki hai. Unachoweza kufanya ni kuifunika tu, na hapo ndipo vijiwe vinapokosea, kwa sababu joto lililofunikwa halipotei. Litapasha kifuniko, au litatokea pembeni, au litamchemsha aliyejifunika mpaka atoke mwenyewe. Waliosema mbio za sakafuni huishia ukingoni hawakuwa na kamera za joto akilini, lakini msemo unafaa hapa.

Kamera ya joto haijui rangi. Kanzu nyeupe na buibui jeusi huonekana karibu sawa, kwa kuwa kinachoangaliwa ni joto la kitambaa. Sare za mabakamabaka zinazomficha askari msituni mchana hazina kazi mbele yake. Angalia punda milia wa Grevy, mnyama ambaye Isiolo ni miongoni mwa makao yake makuu duniani. Mchana milia yake huonekana hata kwenye kamera ya joto, kwani mweusi umepata jua zaidi kuliko mweupe. Usiku ngozi yote hukaribia joto moja, milia ikafifia, akabaki mnyama wa umbo la punda tu.

Wala binadamu si wa kwanza kuutumia ujuzi huu. Chatu wa Afrika ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi miale ya joto, na ndivyo anavyomjua panya au ndege gizani. Moma wetu hana vishimo hivyo, yeye hutegemea macho, harufu na mtikisiko wa ardhi.

Mawe yanapomficha mtu

Sasa turudi kwenye mawe. Kamera ya joto haioni joto peke yake, huona tofauti ya joto. Zilizo nzuri hutambua tofauti ndogo kama sehemu ya ishirini ya nyuzi moja. Lakini mtu mwenye nyuzi 33 akisimama mbele ya mawe yenye nyuzi 33, tofauti haipo, naye huyeyuka ndani ya picha.

Katika nchi kame kama Isiolo, ambako mawe meusi ya volkano yametapakaa sehemu nyingi, hali hiyo hutokea mara mbili kwa siku. Asubuhi jua linapopanda, ardhi inayopata joto hufika mahali ikalingana na mwili wa mtu. Jioni, ardhi inapopoa, hulingana tena. Katikati ya mchana mawe huwa na joto kuliko mtu, hivyo mtu huonekana kama doa la baridi juu ya uwanja wa moto. Kwa hiyo saa mbovu zaidi kwa kamera hizi si usiku wa manane kama wengi wanavyodhani. Ni saa za kati, jua likiwa limepanda kiasi, au magharibi ilipoingia na mawe hayajapoa.

Na kinyume chake ni kweli. Kabla ya alfajiri, mawe yamekwisha kupoa, upepo umetulia, na kila chenye damu moto huwaka kama kaa. Anayeamini giza la alfajiri ni shuka la kujifunika amekosea saa. Hata jiwe alilokalia mtu hubaki na alama ya joto lake kwa muda baada ya yeye kuondoka.

Ngamia naye ana siri yake. Akikosa maji, huacha joto la mwili wake lipande mchana hadi nyuzi 40 hivi bila kutoka jasho jingi, halafu usiku hulishusha hadi nyuzi 34. Hivyo mnyama yuleyule si yuleyule kwenye kamera kuanzia magharibi hadi alfajiri. Anayeangalia skrini bila kujua mifugo anaweza kusoma picha vibaya.

Dawa za vijiweni

Tuanze na turubai na plastiki. Plastiki nyembamba, hata iliyo nyeusi tititi kama mfuko wa taka, huzuia macho lakini hupitisha miale ya joto. Mkono ulio ndani ya mfuko huo huonekana kwenye kamera vidole vyote. Aprili 2013, huko Watertown karibu na Boston, Marekani, mtuhumiwa wa milipuko ya mbio za marathoni alijificha ndani ya boti iliyofunikwa plastiki nyuma ya nyumba ya mtu. Helikopta ya polisi wa jimbo la Massachusetts ilimwona amelala humo, kana kwamba kifuniko hakipo. Turubai zito ni afadhali kidogo mwanzoni, lakini likigusa mwili hupata joto na kuchora umbo lake.

Karatasi ya kung'aa, ile ya jikoni au blanketi la dharura wanalopewa wakimbiaji, ina ukweli ndani yake. Chuma kinachong'aa hutoa miale michache sana. Ila hufanya kazi kama kioo cha kujitazamia, kinarudisha joto la kilicho mbele yake. Mtu akilala nayo chini ya anga wazi, itarudisha ubaridi wa anga, na kwenye skrini litatokea doa jeusi lenye umbo la mtu mahali ambapo hapana kitu kingine cheusi. Amejificha kwa kujitangaza.

Tope likiwa bichi hupoza ngozi, kwa sababu maji yake yanakauka. Likishakauka huchukua joto la mwili, na mwenye tope anarudi alipokuwa, tena amechafuka.

Kioo cha dirisha, ambacho macho hupenya bila taabu, huzuia miale ya joto karibu yote. Ndiyo sababu lenzi za kamera hizi hutengenezwa kwa madini ya jemaniamu badala ya kioo. Mtu aliye ndani ya gari lililofungwa vioo haonekani vizuri. Lakini gari lenyewe, injini, bomba la moshi na magurudumu yake, linawaka kuliko yeye.

Kizuizi cha kweli ni msitu mnene. Majani hayapitishi miale hii, na paa la miti iliyoshikana kama sehemu za msitu wa Boni huificha ardhi iliyo chini yake. Mvua kubwa na ukungu mzito pia hupunguza umbali wa kuona. Hata hivyo panapokuwa na mwanya, kinachotembea chini ya miti hutokea na kupotea, na mwendo ndio unaovuta jicho la anayeangalia. Migunga ya Isiolo yenye majani madogo na nafasi kati ya mti na mti si paa la namna hiyo.

Majeshi makubwa yametumia fedha nyingi juu ya jambo hili. Yapo mavazi na nyavu maalumu za kupunguza tofauti ya joto, na mwaka 2011 kampuni ya BAE Systems ilionyesha vigae vya kufunika kifaru cha vita ambavyo hubadilisha joto lake lifanane na mazingira. Lakini hata huko, katika vita vya Ukraine vilivyopanuka kuanzia 2022, askari wanaendelea kuonekana na kupigwa usiku na droni zenye kamera za joto. Ikiwa wao wenye viwanda hawajapata dawa, kijiwe hakitaipata.

Faida yake tumeiona

Kenya ni miongoni mwa nchi ambako teknolojia hii ilijaribiwa mapema kulinda wanyama. Mwaka 2012 Google iliipa WWF dola milioni 5 kutafuta zana mpya za kupambana na ujangili. Machi 2016 kamera za joto za kampuni ya FLIR zilianza kutumika Maasai Mara, zikiwa zimefungwa juu ya gari la doria, na nyingine zikawekwa kwenye nguzo katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Kufikia Novemba mwaka huo WWF ilieleza kuwa huko Mara zaidi ya majangili 24 walikwisha kamatwa kwa msaada wake. Kabla ya hapo askari waliingia gizani kwa tochi, na tochi humwonya jangili kabla ya kumwonyesha.

Januari 2019 WWF na FLIR walitangaza mpango wa kupeleka kamera hizo kwenye mbuga na hifadhi 10 nchini ili kukomesha mauaji ya faru. Mwaka 2020 Kenya haikupoteza faru hata mmoja kwa ujangili, jambo lililokuwa halijatokea kwa miaka 20 hivi. Si kamera peke yake zilizoleta hilo. Mwaka huo dunia ilikuwa imefungwa kwa korona, na askari wa wanyamapori wamefanya kazi kubwa kwa miguu yao. Lakini kamera zina mchango wake, na anayesema hazina faida hajitendei haki.

Isiolo hili haliko mbali. Kinna, katika kaunti hiyo hiyo, inapakana na Mbuga ya Meru ambako faru wana hifadhi yao. Tembo hupita katika ardhi ya malisho. Na wezi wa mifugo, ambao wamewatesa wafugaji miaka nenda miaka rudi, hupenda usiku. Mchungaji aliyeibiwa ngamia angefurahi kuona jicho la namna hii likiwa upande wake.

Fimbo au bunduki?

Tatizo linaanzia hapa. Kamera ya joto ya kawaida ya droni ina nukta 640 kwa 512, yaani 327,680. Kamera ya simu ya kawaida yenye nukta milioni 12 ina mara zaidi ya 30 ya hizo. Kwa lenzi ya kawaida na umbali wa kilomita moja, mtu mzima anaweza kubaki nukta mbili au tatu tu kwenye skrini. Akisogelewa hupata mikono na miguu, lakini uso wake hubaki wingu jeupe. Hauwezi kumjua kwa sura. Huwezi kujua ana miaka 15 au 50, wala kama amevaa sare au shuka.

Na kilicho mkononi? Fimbo ya mchungaji na bunduki iliyopoa zina joto la hewa ya usiku, si la mwili. Zote mbili huonekana kama mstari mweusi hafifu, au hazionekani kabisa. Kwa kamera, mchungaji aliyebeba fimbo begani na mtu aliyebeba silaha begani wanaweza kuwa picha moja. Tofauti yao imo katika mambo ambayo kamera haiyaoni: yule anafuata mifugo yake, anajulikana kijijini, ana sababu ya kuwa pale saa ile.

Mfugaji wa nchi kame ana sababu nyingi. Wakati wa kiangazi mifugo husafirishwa usiku kukwepa jua. Zamu ya kisima inaweza kuangukia usiku wa manane. Ngamia akipotea, anatafutwa saa hiyo hiyo. Huku pwani, mvuvi hutoka na maji, na maji hayaangalii saa ya serikali. Wote hawa wakiwaza kujificha wasionekane, wanajitia hatarini zaidi, kwa sababu mtu aliyejibanza nyuma ya jiwe, au aliyejifunika karatasi ya kung'aa, anafanana na mwenye nia mbaya kuliko alivyofanana alipokuwa akitembea wazi na mbuzi wake. Kujificha kwa nusu, ambako ndiko tu kunakowezekana, ni kujipaka hatia usiyokuwa nayo.

Kumbukumbu ya usiku

Wapo watakaosema mambo haya ni wasiwasi wa bure. Waborana wa Isiolo wana historia yao inayowajibu. Katika vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, serikali iliwakusanya wafugaji katika kambi zilizolindwa, zikiwemo za Garba Tula na Merti. Aliyekutwa nje na mifugo alihesabiwa kuwa adui, na mifugo mingi ikaangamia. Wenyewe wanaziita siku hizo Gaf Daba, wakati wa kusimamishwa. Hapakuwa na kamera ya joto wakati huo, lakini kosa lilikuwa lile lile tunaloliogopa leo, la kumhukumu mtu kwa mahali alipoonekana na saa aliyoonekana, bila kuuliza ni nani.

Nasi pwani tunalo la kukumbuka. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na wavuvi wakakaa nchi kavu wakiangalia bahari yao. Septemba 2015 ikaanza operesheni ya Linda Boni. Usalama ulikuwa na sababu zake, na damu iliyomwagika haikuwa hadithi. Lakini mzigo wa kuthibitisha kwamba si mhalifu ulimwangukia yule asiye na hatia.

Namna ya kuonekana

Kwa hiyo, ndugu msomaji, swali la vijiweni tuligeuze. Kwa raia mwema lenye faida ni namna ya kuonekana, tena akaonekana kwa alivyo.

Kwanza, tujue vitu vinavyoonekana na nani. Tochi za siku hizi hutoa mwanga baridi, hivyo kamera ya joto haiuoni. Ila askari aliye karibu anauona kwa macho yake. Moto wa kuni huonekana na wote wawili. Mchungaji anayelala porini akiwa na moto uliowashwa wazi, na mifugo yake imelala kwa mduara kama ilivyo desturi, ana picha inayosomeka kirahisi kuliko mtu aliyejitenga gizani.

Pili, anayehamisha mifugo usiku karibu na mbuga au eneo la operesheni awajulishe wazee, chifu au askari wa hifadhi kabla ya kuondoka. Simu moja inaeleza kile ambacho kamera haitaweza kukieleza. Akisikia droni au gari la doria, asikimbie wala asijibanze. Asimame wazi, awashe tochi, mikono ionekane mitupu.

Tatu, aliyepotea na anayetafutwa afanye kinyume cha kila dawa ya kijiweni. Atoke chini ya miti. Ajitenge na mawe yaliyoshika joto la mchana. Alale amejinyoosha mahali peupe, ili umbo lake lionekane refu. Akiwa na blanketi la kung'aa, litamsaidia asiganda na litamulika mchana kwa jua, lakini usiku aache uso na mikono nje.

Nne, kwa watu wa bahari. Kamera ya joto haioni chini ya maji hata sentimita moja. Aliyezama hadi shingoni anaonyesha kichwa tu, na kichwa kilicholowa ni kidogo juu ya bahari kubwa. Chombo kikipinduka, wanaoweza wapande juu ya ubavu wake na washikane pamoja. Watu watatu juu ya ngalawa iliyopinduka wanaonekana kuliko vichwa vitatu vilivyotawanyika, na hewani mwili hupoteza joto polepole kuliko majini.

Anayeangalia naye aangaliwe

Hayo ni ya raia. Lakini haki haiwezi kumwelemea raia peke yake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka masharti kwa anayekusanya habari za watu, ingawa imeacha mlango kwa mambo ya usalama wa taifa. Kanuni za droni za 2020 zinataka kila anayerusha awe na idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Na kamera za joto haziko tena mikononi mwa serikali pekee. Tangu 2014 zimekuwepo hata za kuchomeka kwenye simu. Mwenye hifadhi binafsi anaweza kuwa nayo, na jangili pia.

Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti ya Isiolo, Biliqo Bulesa na Cherab, ziliundwa kinyume cha katiba. Kesi ililetwa na wananchi wenyewe, na malalamiko yao makuu yalikuwa kwamba ardhi yao ilipangiwa mambo bila wao kushirikishwa ipasavyo. Funzo lake linafaa hapa pia. Jicho linaloangalia malisho ya watu usiku ni jambo la kuzungumzwa na watu hao mchana, barazani, kwa lugha yao.

Mambo ya kudai si makubwa. Wananchi waambiwe ni maeneo gani yanaangaliwa na ni ofisi gani inayohusika. Wanaokaa mbele ya skrini wafundishwe desturi za wafugaji na wavuvi, na miongoni mwao wawemo vijana wa hapo hapo, wanaojua kutofautisha msururu wa ngamia wanaokwenda kisimani na msafara wa wezi. Na iwe ni kanuni isiyovunjwa kwamba doa la joto peke yake halitoshi kumfyatulia mtu risasi. Linatosha kupeleka askari waende wakamwulize jina lake na anakokwenda.